Wanataka nimtoe mdogo wangu wodini wampeleke kwenye chemba ya oksijeni

SWALI

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje ya wodi. Saa ya kuwaona wagonjwa imekwisha na matatu ya kunirudisha Umoja bado sijaitafuta. Nivumilie maneno yakipindana.

Mdogo wangu ana miaka 23 na ni mwendeshaji wa bodaboda. Tangu akiwa darasa la pili sikio lake la kushoto hutoa usaha. Unatoka wiki mbili, unakauka mwezi, unarudi. Kwetu Voi hilo halikumshtua mtu, na mimi ndiye niliyekuwa nikipasha mafuta ya nazi na kumdondoshea, maana Mama alikuwa akishinda kibaruani. Masikio hayo kwetu yamekuwa kama urithi wa ukoo. Hata binti yangu wa miaka sita la kwake huchuruzika kila baridi ya Julai ikiingia, na tumeshazoea.

Miezi miwili iliyopita mdogo wangu alianza kuumwa na kichwa. Tukasema ni baridi ya alfajiri barabarani, akawa ananunua dawa za maumivu dukani. Wiki ya pili akaanza kutapika na kusinzia pale stejini, wenzake wakimcheka kwamba amekesha akilewa. Kisha siku moja akaanguka mbele ya abiria akashikwa na kifafa. Tulimkimbiza hospitali kubwa ya rufaa, akapigwa picha ya CT, tukaambiwa ana jipu ndani ya ubongo, upande uleule wa sikio. Usiku ule wakamtoboa tundu dogo fuvuni wakavuta usaha. Tangu hapo ni dawa za kupitia mshipani, na hii ni wiki ya tatu. Anakula, anatutambua, anatania wauguzi. Ila mkono wa kulia bado mzito, na kuna maneno humponyoka. Juzi alitaka kusema kijiko akakitazama tu. Picha ya pili ilipigwa siku nne zilizopita. Daktari alisema jipu limepungua lakini bado lipo, na dawa ziendelee hadi wiki sita au nane.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Mimi ndiye mweka hazina wa mchango. Kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia moja na tumefikisha shilingi 412,000. Binamu yangu akaleta video ya kituo kimoja hapa Nairobi chenye chemba ya oksijeni. Mjomba, ambaye amefanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi, akasema hiyo anaijua, aliwahi kuona wapiga mbizi waliozidiwa wakiingizwa kwenye chemba na kutoka wakitembea. Nilipiga simu. Dada aliyepokea aliniambia vijidudu vya jipu havivumilii oksijeni, kwamba tiba hii imekubaliwa Marekani kwa jipu la ubongo, na kwamba tunaweza kwenda siku yoyote. Kila kikao ni shilingi 18,000, na vinahitajika 20. Nikauliza nguvu ya mashine, akasema ni “1.3”. Kwenye video ni kama hema la kulala, lina zipu.

Nilimuuliza daktari alipopita na wanafunzi wake. Akasema, “Hilo si la lazima kwa sasa,” akaenda kitanda kingine. Mjomba anasema wanamficha mgonjwa ili kitanda kiendelee kuingiza pesa. Jumapili tuna kikao cha familia na wengi wanataka tumtoe, amalizie vidonge nyumbani huku akienda kwenye chemba. Mama anasema, “Amueni ninyi mliosoma.” Mimi niliishia kidato cha nne.

Je, hiyo oksijeni ni kweli au ni uongo? Nikikataa kutoa pesa na akafa, nitawaambia nini? Na lile swali ambalo sijamuuliza mtu: yale mafuta ya nazi, ni mimi niliyemfanya hivi?

Mweka Hazina, Umoja

JIBU

Marahaba mwanangu.

Asitoke wodini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu Jumapili iko karibu na huenda ukaisoma barua hii ukiwa ndani ya matatu yenye kelele. Sasa tafuta mahali utulie, maana mjomba wako hakusema uongo, na ukienda kwenye kikao ukidai amesema uongo atakushinda.

Tuanze na jipu lenyewe. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu, hauna pa kutanukia. Usaha ukikusanyika humo unasukuma kila kilicho jirani, na ndiyo sababu ya kichwa, kutapika na ule usingizi ambao watu wa stejini waliuita ulevi. Mwili hujenga ukuta kuzunguka usaha ili usisambae. Ukuta huo ni msaada na ni tatizo pia, kwa kuwa dawa hupenya ndani yake kwa shida. Ndiyo maana madaktari hawakungoja asubuhi. Kutoa usaha kunapunguza shinikizo, na ule usaha hupelekwa maabara ili ijulikane ni vijidudu gani na dawa gani inawaua. Katika jiji la Glasgow, mwaka 1893, daktari mpasuaji William Macewen alieleza wagonjwa 19 wa jipu la ubongo aliowapasua, 18 walipona. Wakati huo hapakuwa na penisilini wala CT, na mengi ya majipu ya zama zile yalianzia masikioni kama la mdogo wako. Mimi nilifanya kazi wodi za upasuaji hadi nikastaafu, na bado namba ile hunishangaza.

Baada ya usaha kutoka, kazi inabaki kwa dawa. Kwa jipu lililotokana na sikio, meno au mianzi ya pua, mara nyingi mgonjwa hupewa seftriaksoni pamoja na metronidazoli, ile ambayo watu wengi huiita Flagyl. Ya pili ni kwa ajili ya vijidudu wanaoishi pasipo hewa, na sikio bovu la miaka mingi huwa limejaa hao. Dawa hizi huenda wiki sita hadi nane zikipitia mshipani, kwa kuwa vidonge vya kawaida si hakika vitafika kwa wingi unaotakiwa ndani ya ubongo. Kumeza vidonge nyumbani kuanzia wiki ya tatu ni uamuzi wa daktari aliyeona majibu ya maabara. Kikao cha familia hakiwezi kuupitisha kwa kura. Nimewaona wengi waliokwenda nyumbani wiki ya tatu kwa sababu mgonjwa anatania wauguzi. Jipu likijaa tena na kupasukia kwenye vyumba vya maji vya ubongo, hata hospitali iliyo karibu huwa mbali.

Sasa oksijeni.

Wapiga mbizi wa mjomba ni wa kweli. Mtu akizama kina kirefu kisha akapanda juu haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, yakaziba mishipa. Anaingizwa kwenye chemba ya chuma, shinikizo linapandishwa, mapovu yanasinyaa, naye anavuta oksijeni safi mpaka naitrojeni itoke polepole. Tiba hiyo ina miaka mingi na ndiyo ya kwanza kwa ugonjwa huo. Lakini mdogo wako hana mapovu. Ana usaha. Mjomba ameona ufunguo ukifungua mlango mmoja, akadhani unafungua nyumba nzima.

Hata hivyo mlango wa pili upo. Kwa kawaida oksijeni husafiri ikiwa imebebwa na chembe nyekundu za damu, na ile inayoyeyuka kwenye maji ya damu ni kidogo mno, kama mililita 0.3 kwa kila mililita 100. Ukimweka mtu kwenye shinikizo mara tatu ya lile la ufukweni akavuta oksijeni safi, inayoyeyuka inafika mililita 6 hivi, mara ishirini. Mwaka 1960, huko Amsterdam, mpasuaji Ite Boerema alionyesha kwamba nguruwe walioondolewa karibu chembe zote nyekundu za damu waliweza kuishi ndani ya chemba ya namna hiyo, wakitegemea oksijeni iliyoyeyuka pekee. Kwa jipu, oksijeni nyingi kiasi hicho inatarajiwa kufanya mambo matatu. Inawabana wale vijidudu wasiopenda hewa, hapo yule dada wa simu alisema kweli. Chembe nyeupe za damu, ambazo huhitaji oksijeni ili kuua vijidudu, zinapata nguvu. Na mishipa ya ubongo hujibana kidogo, uvimbe ukapungua, bila ubongo kukosa hewa kwa kuwa damu inayopita imebeba nyingi.

Jumuiya ya Marekani ya wataalamu wa tiba za mbizi na shinikizo, UHMS, imeliweka jipu la ndani ya fuvu kwenye orodha yake ya magonjwa ambayo tiba hii, kwa jina la kitaalamu tiba ya oksijeni ya haipabariki, inaweza kusaidia. Hapo nusu ya pili ya maneno ya yule dada ina msingi. Nusu aliyoiacha ndiyo yenye uzito: imewekwa kama nyongeza juu ya upasuaji na dawa, hasa pale ambapo majipu ni mengi, au jipu liko ndani sana au mahali pabaya pa kugusa, au kinga ya mgonjwa imeshuka, au hawezi kupasuliwa, au amepasuliwa na kupewa dawa na bado anazidi kuwa mbaya. Sasa mtazame mdogo wako. Unasema ni jipu moja, limevutwa, na picha ya pili inaonyesha linapungua. Kwa hiyo daktari aliposema si la lazima kwa sasa, alikuwa amesema kitu chenye maana. Alikosea kukitupa kama ganda la ndizi na kuendelea na safari.

Kuna ushahidi gani? Ulio bora kidogo ninaoujua ulitoka Stockholm mwaka 2016. Madaktari walipitia mafaili ya wagonjwa 40 wa jipu la ubongo waliopasuliwa, 20 walioongezewa oksijeni ya shinikizo na 20 ambao hawakuongezewa. Katika kundi la kwanza waliolazimika kurudi kupasuliwa walikuwa 2. Katika la pili, 9. Tofauti hiyo si ndogo na siwezi kuipuuza. Lakini watu 40 ni abiria wa basi moja, na hawakugawanywa kwa kura. Waliangaliwa kwa nyuma, kwenye mafaili. Labda walioongezewa oksijeni walikuwa na nafuu zaidi tangu mwanzo, labda sivyo. Na ujumbe kwa mjomba ni huu: wote 40 walipasuliwa, wote 40 walipewa dawa. Hakuna hata mmoja aliyetolewa wodini ili akapewe oksijeni badala yake. Wale 20 walipelekwa kwenye chemba za hospitali, za kuta ngumu, na madaktari na dripu zao.

Hiyo si hema lenye zipu. Hebu tuhesabu pamoja, wewe ni mweka hazina.

Shinikizo la hewa ufukweni Mombasa tunaliita 1. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,800, na hewa ni nyepesi. Shinikizo letu ni kama 0.82. Mahema yale laini hujazwa hewa mpaka yazidi hewa ya nje kwa 0.3 hivi, kisha valvu huachia. Watengenezaji wanaandika 1.3 kwa sababu wanahesabu kutoka usawa wa bahari. Hapa kwetu ni 0.82 na 0.3, yaani 1.12. Na mengi huingiza hewa ya kawaida tu, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21, au oksijeni kidogo kwa mrija. Ukizidisha utapata oksijeni ya 0.24 hivi. Mtu anayekula madafu ufukweni Nyali, Mombasa, anapata 0.21 bure. Chemba ya hospitali hutoa oksijeni safi kwa shinikizo la mara 2 hadi 2.5 au zaidi, kwa saa moja hadi moja na nusu. Weka 0.24 kando ya 2.5 uniambie kama hizo ni dawa moja. Shilingi 360,000 zingempandisha mdogo wako treni ya kwenda Mombasa na kurudi mpaka achoke, na hewa ingekuwa karibu ileile.

Kwa hiyo swali lako la kweli au uongo lina majibu mawili. Oksijeni ya shinikizo kama nyongeza kwa jipu la ubongo ni kitu cha kweli chenye ushahidi mwembamba. Hema lile kama tiba ya jipu la ubongo, mimi naliita biashara. Na mtu wa afya anayesikia “jipu la ubongo, yuko wodini” akajibu “njooni siku yoyote” bila kuomba hata jina la daktari anayemtibu, mkimbie hata kama angekuwa anatoa bure.

Madhara nayo yapo. Umewahi kushuka na matatu kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu masikio yakaziba? Ndani ya chemba halisi ni hivyo mara nyingi zaidi, na kuumia masikio ndilo dhara linalotokea sana. Mgonjwa wetu ana sikio bovu tayari, lazima daktari wa masikio alitazame kwanza. Mwenye hewa iliyovujia kifuani nje ya pafu haingizwi kabisa. Aliyetobolewa fuvu huangaliwa kama kuna hewa iliyobaki ndani ya kichwa. Halafu oksijeni nyingi chini ya shinikizo inaweza yenyewe kuleta kifafa. Ni nadra, ila mtu mwenye homa au kidonda ubongoni yuko karibu zaidi na hatari hiyo, na wa kwako alishaanguka mara moja. Hospitalini kuna mtu wa kumtoa barakoa na kujua la kufanya. Kwenye hema, nani? Binamu?

Na moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inafanya kila kitu kiwake kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1997 chemba ya hospitali moja mjini Milano, Italia, iliwaka na watu 11 wakafa. Januari 2025, huko Troy, jimbo la Michigan, mtoto wa miaka mitano alikufa chemba ilipolipuka ndani ya kituo cha binafsi. Ndiyo maana mahali penye utaratibu mgonjwa hubadilishwa nguo, akavaa pamba tupu, bila simu, bila mafuta ya nywele, bila vaselini. Kituo kikikuruhusu uingie na simu ili upige picha za mtandaoni, umeshapata jibu lako.

Sasa Jumapili. Usiende peke yako na hoja hizi. Mjomba ni mkubwa wako na amesimama mbele ya watu mia moja. Kabla ya siku hiyo nenda kwa muuguzi mkuu wa wodi, si kwa daktari anayepita na wanafunzi. Mwambie, “Familia inataka kumtoa mgonjwa, tunaomba dakika kumi na daktari wa ubongo.” Neno kumtoa litamfanya asimame. Wauguzi tunalijua neno hilo, na mimi nilikuwa nikilisikia naacha chai ipoe. Mchukue mjomba mwende naye, umwache yeye aulize. Aulize vijidudu gani vilipatikana kwenye usaha. Aulize picha inayofuata ni lini na ni dalili gani zitawafanya warudi kumvuta tena. Kisha aulize waziwazi, “Tunajua UHMS wanaitaja oksijeni ya shinikizo kwa jipu. Ni hali gani ikitokea ingekufanya uifikirie kwa huyu wetu, na ungempeleka wapi?” Daktari akiulizwa hivyo hataweza kujibu kwa maneno sita, na mjomba atakuwa ameheshimiwa. Kama daktari huyo akisema siku moja kwamba majipu yameongezeka au hayasikii dawa, basi swali la chemba halisi, yenye kuta ngumu na daktari ndani yake, litarudi mezani, yeye akiwa ndiye anayeandika barua ya rufaa. Leseni ya kituo chochote mnaweza kuiulizia kwa baraza la madaktari, KMPDC.

Kuhusu madai kwamba kitanda kinaingiza pesa: mjomba anaweza kukaa na mhasibu wa hospitali akaona bili mstari kwa mstari. Mnayo haki hiyo. Na tangu Oktoba 2024 bima ya umma ni SHA, si NHIF tena. Hakikisha mdogo wako ameandikishwa na michango yake imelipwa, kisha umwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali akueleze kinacholipwa na kisicholipwa. Waendeshaji wa bodaboda wengi hugundua wakiwa kitandani kwamba jina lao halimo.

Zile 412,000 zina kazi nyingi za kufanya. Kuna wiki tatu hadi tano za dawa zilizobaki. Kuna picha za CT za kufuatilia. Kuna mazoezi ya mkono na ya kuongea, ambayo familia nyingi huyaacha kwa kuona si dawa, na huyo kijana aliyekitazama kijiko anayahitaji kuliko oksijeni. Na kuna sikio. Mwanangu, chanzo bado kimo. Sikio la kunuka usaha miaka kumi na tano mara nyingi huwa na ngozi iliyoota ndani isipotakiwa, ikala mfupa taratibu mpaka ikafungua njia ya kuelekea ubongoni. Hiyo huondolewa kwa upasuaji wa mfupa wa nyuma ya sikio. Ukilipa hema ukaacha sikio, umepiga deki huku bomba likivuja. Mwulize daktari wa masikio atamwona lini, na tengea pesa hiyo kabla ya nyingine.

Akiwa wodini, akianza kuhisi ganzi au moto miguuni aseme, Flagyl ya wiki nyingi huweza kufanya hivyo. Akisharudi nyumbani, kichwa kikirudi, au kutapika, homa, usingizi usio wa kawaida, mkono ukazidi kulegea au kifafa, mrudisheni siku ileile bila kungoja kikao. Na pikipiki asiiguse mpaka daktari aseme. Kovu la jipu huweza kuleta kifafa hata baada ya miezi, na akishikwa nacho Thika Road akiwa na abiria mtakuwa na misiba miwili. Kama pikipiki ni ya mkopo, zungumza na mkopeshaji sasa, au mtafute kijana mwaminifu aiendeshe kwa hesabu ya siku.

Mafuta ya nazi. Hapana, si wewe. Vijidudu vilivyokuwa mle havikutoka kwenye chupa ya mafuta. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia sikioni kabla hujashika kijiko, na ulichokosa ni mtu wa kukwambia kwamba usaha wa sikio unatibiwa hospitali. Ulikuwa mtoto unayelea mtoto. Sitasema mafuta yalisaidia, maana sikio linalotoa usaha linataka kukauka nawe ulikuwa ukililowesha. Lakini kati ya hilo na jipu kuna miaka ambayo watu wazima wengi walilitazama sikio lile wakapita. Usijibebeshe wewe peke yako.

Ila kuna sentensi moja uliiandika kwa kupita tu, nami nimeirudia mara tatu. Binti yako. Miaka sita, sikio huchuruzika kila Julai, na mmezoea. Mpeleke wiki hii, hata kama leo limekauka. Omba atazamwe na mtu wa masikio na apimwe usikivu. Akiuliza kama usaha unanuka, mwambie ukweli. Mpaka siku hiyo usitie kitu chochote humo, si mafuta, si matone ya duka la dawa, si kijiti cha pamba. Usaha ukitoka, ufute kwa kitambaa safi kilichosokotwa, kitoe, weka kingine mpaka kitoke kikavu. Anapooga, ziba sikio kwa pamba iliyopakwa vaselini, uitoe akimaliza. Na unapokwenda mwambie daktari habari za mdogo wako, usimfiche hata kidogo, atalitazama sikio hilo kwa macho mengine.